Nani Amlipaye Mshauri wa Mama?

Ushauri wa kulea mtoto, ambao tangu zamani ulitolewa jikoni, kisimani na kwenye benchi la zahanati, siku hizi umeingia sokoni pamoja na sukari na sabuni. Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Limefika hata Lamadi, mji mdogo wa Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, uliosimama katika njia panda ambapo barabara iendayo Bariadi huiacha barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Upande mmoja wa mji ni Ziwa Victoria. Upande mwingine, si mbali, ni lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti.

Watu wengi wa Lamadi ni watu waliokuja. Wako wavuvi na wachuuzi wa dagaa, wako madereva na makondakta, wako wapishi na watumishi wa nyumba za wageni, na vijana waliotoka vijiji vya pamba vya Maswa, Itilima na Bariadi kutafuta riziki penye magari. Mtu akihamia mji wa namna hiyo hamchukui bibi yake. Basi binti anayejifungua hapo mtoto wa kwanza hana wa kumkanda, wala wa kumwonyesha namna ya kumpakata mtoto ili anyonye vizuri. Ana chumba cha kupanga. Ana mume ambaye huenda usiku wote yuko ziwani na taa za dagaa. Na ana simu. Akiuliza kwa simu hiyo kwa nini mtoto halali, majibu humfikia kabla mtoto hajanyamaza, na mara nyingi jibu huja limefungwa pamoja na bei.

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakutuambia kwamba iko siku ulimwengu utamtoza mama mwenyewe ada ya mafunzo.

Mambo huanza kwa wema. Mwanamke aliyezaa na kulea watoto watatu au wanne, mwenye ulimi mwepesi na moyo wa kusaidia, huanza kuwajibu wenzake bila malipo. Huwaambia alivyofanya yeye mtoto alipovimba fizi, alivyomwachisha ziwa, alivyopika uji usiwe na mabonge. Maneno yake ni ya kweli, Kiswahili chake ni kile cha nyumbani, wala hana ile sauti ya kukaripia ambayo akina mama wengi wameizoea mbele ya watu wenye sare. Wanamsikiliza watu ishirini, kisha mia mbili, kisha maelfu. Hapo ndipo mfanyabiashara anapomwona. Humletea katoni ya nepi, au boksi la unga, au chupa za dawa ya chango, akamwambia aendelee tu kushauri kama alivyozoea, ila afikapo mahali pa kutaja jina la kitu, alitaje la kwake. Tangu siku hiyo ushauri na bidhaa hukaa katika kapu moja, naye msikilizaji hawezi tena kujua mkono umeshika kipi. Wengine huenda mbele zaidi, wakaanzisha mafunzo ya malezi ya kulipiwa, na ada ikatumwa kwa simu kabla somo halijafunguliwa.

Juu ya jambo hili moyo wetu haukai upande mmoja. Tunafurahi na tunaudhika kwa wakati ule ule, nasi tutayaeleza yote mawili, kwa sababu tumewasikia wanachama wakilizungumza kwa kelele nyingi, wengine wakiwalaani wanawake hawa kuwa ni wachuuzi wa watoto, na wengine wakiwasifu kana kwamba wameleta zahanati mfukoni.

Tuanze na lililo jema. Chama kilichozaliwa kwa kupinga mtu kula jasho la mwenzake hakiwezi kumwambia mwanamke maskini kwamba elimu yake, usiku wake na sauti yake ni vitu vya bure. Fundi seremala akikueleza mbao ipi itafaa kwa mlango, umelipa maelezo hayo ndani ya bei ya mlango. Kwa nini basi kazi ikifanywa na mama, juu ya watoto, tuseme ni mapenzi wala si kazi? Katika mji kama Lamadi, ambamo mwanamke asiye na mtaji huishia kupika chakula kando ya barabara kwa faida ndogo sana, kipato kinachotokana na maarifa yake mwenyewe si jambo la kudharau.

Wala zamani ushauri haukuwa bure kama tunavyopenda kusimulia. Mkunga aliyemzalisha binti hakurudi kwake mikono mitupu. Alipewa kanga, au kuku, au debe la mtama. Waganga, wale ambao Wasukuma huwaita bafumu, walikuwa na ujira wao uliojulikana. Na walipozaliwa mapacha, Kulwa na Doto, yalikuwapo mambo ya kutimizwa ambayo hayakutimizwa pasipo gharama.

Tena bibi hakuwa malaika. Katika sehemu nyingi za nchi yetu maziwa yale ya mwanzo ya manjano, yaani dang'a, yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni machafu, ilhali ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Mtoto wa siku tatu alipewa maji, tena ya mtungini, kwa kuonewa huruma ya kiu. Mama mjamzito alikatazwa mayai. Mengi ya mambo hayo leo yanasahihishwa na hao hao akina mama wa kwenye simu, kwa lugha inayosikika, na twawajibika kuwashukuru.

Kadhalika wako wanawake wanaosaga unga wa lishe, wa mahindi, mtama, ulezi na karanga, wakaufunga katika pakiti na kumwonyesha mnunuzi jinsi ya kuupika. Hatuna ugomvi nao. Unamwona mwuzaji, unauona unga wake, unaijua bei yake. Neno letu kwao ni moja tu, nalo ni la ukaguzi: karanga na mahindi yaliyovunda huzaa sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Unga wa mtoto haufai kusagwa kwa nafaka iliyokataliwa na ng'ombe.

Ubaya basi uko wapi? Kwa maoni yetu hauko katika fedha. Uko katika kutojua fedha zimetoka wapi. Mkunga alilipwa na nyumba aliyoihudumia, na akiharibu kazi nyumba hiyo haikumwita tena. Mwuza unga hulipwa na anayepika uji. Lakini yule aliyeletewa katoni hulipwa na mtu wa tatu ambaye mama hamwoni, wala mtu huyo hamlipi ili mtoto anenepe. Anamlipa ili katoni iishe. Na siku maslahi ya mtoto na maslahi ya katoni yanapotofautiana, mshauri huyo yuko upande gani? Mama hajui, na kwa kuwa anazungumzishwa kama shoga, hata hafikirii kuuliza.

Jambo hili lina historia, nayo yafaa wanachama waijue, kwa sababu watoto walikufa ndipo ulimwengu ukajifunza.

Mwaka 1939 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica ambaye kabla yake alikuwa amefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alisimama mbele ya waheshimiwa wa mji wa Singapore akawaambia waziwazi kwamba kuwahimiza akina mama maskini kuacha kunyonyesha na kutumia maziwa ya kopo ni sawa na kuua. Huyu ndiye aliyewaeleza madaktari wa Ulaya, katika miaka ya 1930, ugonjwa wa utapiamlo uitwao kwashakoo, akitumia jina alilolikuta kwa Waga wa huko Ghana. Alijua analolisema. Alisikilizwa kwa adabu, na makopo yakaendelea kuuzwa.

Miaka ilipita. Katika nchi nyingi za Afrika na Asia makampuni ya maziwa yaliajiri wanawake, wengine wakiwa wauguzi kweli na wengine si wauguzi, yakawavisha nguo nyeupe na kuwatuma katika wodi za wazazi na majumbani. Walifundisha namna ya kumwogesha mtoto na kumfunga nepi, walijibu maswali, walicheka na mama. Kisha wakaacha kopo. Mama aliona sare nyeupe akaamini kwamba anasema na serikali au na hospitali, kumbe anasema na duka. Kopo la kwanza lilikuwa zawadi. Lilipokwisha, maziwa ya mama mwenyewe yalikuwa yamepungua, kwa kuwa ziwa lisilonyonywa hukauka, ikambidi anunue. Asiye na fedha za kutosha aliongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maji yenyewe yalikuwa ya kisima, chupa haikuchemshwa kwa kukosa kuni, na mtoto akaharisha hadi kufa.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kilichoyafichua mambo hayo. Wanaharakati wa Uswisi walipokitafsiri kwa Kijerumani na kukipa jina lenye kuishtaki kampuni ya Nestlé kwa mauaji, kampuni iliwapeleka mahakamani. Mwaka 1976 hakimu wa Bern aliwatoza faini ndogo kwa sababu ya jina lile, lakini hapo hapo akaiambia kampuni kwamba iufikirie upya utangazaji wake. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za kampuni hiyo, na mgomo ukaenea nchi nyingine. Hatimaye, tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa maziwa yanayochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura, na moja ilikataa. Iliyokataa ni Marekani.

Tunalolitaka msomaji alione katika Kanuni ile si suala la maziwa tu. Walioiandika walitambua kwamba hatari haiko ndani ya kopo peke yake, iko pia katika mdomo unaolitaja. Kwa hiyo waliandika kwamba mtu aliyeajiriwa kuuza bidhaa hizo asifanye, kama sehemu ya kazi yake, kazi ya kuwaelimisha wajawazito na akina mama. Kwamba asitafute kukutana nao, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Na kwamba kiasi cha mauzo kisiingizwe katika kuhesabu bakshishi yake. Yaani mwuzaji awe mwuzaji, na mwalimu awe mwalimu.

Nchi yetu haikulala. Tulitunga kanuni zetu za taifa mwaka 1994, tukazitunga upya mwaka 2013, na tangu mwaka 2019 mambo ya ubora wa vyakula yako mikononi mwa Shirika la Viwango. Wakenya walipitisha sheria yao mwaka 2012. Si haba. Lakini sheria za namna hii zimezoea kutazama lebo ya kopo, bango la ukutani na zawadi iliyoachwa wodini. Ni vigumu kwake kumkamata mama mwema ambaye katikati ya hadithi ya mwanawe anataja kopo kama kwa bahati. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilichapa matokeo ya uchunguzi wake juu ya utangazaji wa maziwa hayo kwa njia ya simu na mitandao. Liliona kwamba majina ya kibiashara yaliyochunguzwa yalituma habari mara 90 hivi kwa siku, zikawafikia watu milioni 229, na kwamba miongoni mwa mbinu zao ni kuwalipa watu mashuhuri wawasemee, kuanzisha vilabu vya akina mama, na kutoa ushauri. Biashara yenyewe ilikadiriwa kuwa ya dola bilioni 55 kwa mwaka. Yule mwanamke wa nguo nyeupe hakufukuzwa, basi. Alivua sare tu.

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Kopo la maziwa si dhambi. Wako watoto ambao mama zao walifariki wakijifungua. Wako mama waliougua wasiweze kunyonyesha. Na katika mikoa ya Ziwa, ambako UKIMWI uliacha yatima wengi, hayapo majumba mengi ambayo hayakupata kulijua kopo kama mkombozi. Mama wa namna hiyo anahitaji mtu wa kumweleza kwa upole kipimo cha maji na usafi wa kikombe, wala si mtu wa kumtia haya. Lakini mtu huyo awe muuguzi, asiwe mwenye mgao katika mauzo.

Na yako mambo madogo ambayo sheria haiyajali sana, lakini ndiyo yanayomaliza fedha za mfanyakazi. Mathalan chango. Mtoto mchanga akijinyonganyonga na kulia jioni, karibu kila mshauri atataja dawa ya chupa, na maarufu kuliko zote ni ile iitwayo gripe water. Iligunduliwa na mfamasia mmoja wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa na pombe ndani yake. Waingereza hawakuiondoa pombe hiyo mpaka miaka ya 1990. Haishangazi kwamba watoto walinyamaza. Leo haina pombe, lakini mtoto wa chini ya miezi sita hana haja ya kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama, labda dawa aliyoandikiwa hospitali, na kilio kile cha jioni aghalabu hupungua chenyewe mtoto afikapo miezi mitatu au minne. Nani atamwambia mama wa Lamadi avumilie, ambebe mtoto, atembee naye uani, na asinunue kitu? Maneno hayo hayana katoni nyuma yake.

Ndiyo maana swali la mshauri wa kulipwa haliwezi kutengwa na swali la mshauri asiye na cha kuuza. Nchi hii ilikuwa naye. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuzaliwa, ilianzishwa TAPA, jumuiya ya wazazi Waafrika wa Tanganyika, ambayo ndiyo shina la Jumuiya ya Wazazi ya Chama hadi leo. Mwaka 1973 Bunge liliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka ule ule ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wazima wapatao 2,000,000 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa 75,000 hivi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyoingia hasa jikoni. Hakuna aliyeulizwa ada. Gharama nyingi za Mtu ni Afya zilitoka Sweden, na hilo halikuwa siri. Wala Waswidi hawakuwa na kopo la kutuuzia mwishoni mwa kipindi.

Hata zama za simu hazikuanza na wachuuzi. Novemba 2012 Wizara ya Afya ilizindua Wazazi Nipendeni. Mama, au baba, alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, akapokea bila kulipa senti moja ujumbe uliolingana na umri wa mimba au wa mtoto: nenda kliniki, lala ndani ya chandarua, andaa nauli ya kwenda kujifungua. Mamia ya maelfu walijiandikisha. Fedha zake nyingi zilikuwa za msaada wa Marekani. Na mwaka 2025, serikali ya huko ilipolifunga shirika lake la USAID, kila mtu aliona jinsi kazi ya miaka inavyoweza kukatika kwa barua ya siku moja. Kampeni huja na kuondoka. Mwenye katoni huja kila siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili.

Matunda ya kazi ya umma hata hivyo yapo, nayo yanahesabika. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miezi sita, 59 walinyonyeshwa maziwa ya mama peke yake. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 64. Watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walipungua kutoka 34 hadi 30 katika kila 100. Ni mwendo wa kobe, lakini ni mwendo. Wale 36 waliobaki ndio ambao mshindani wetu anawagombania.

Sasa tuseme neno ambalo halisemwi na mshauri yeyote aliyeletewa katoni, kwa sababu ndani yake hamna cha kuuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, mwajiri sharti amruhusu kunyonyesha katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa mbili hizo ni haki, si hisani ya bwana mkubwa. Ni wahudumu wangapi wa nyumba za wageni pale Lamadi waliopata kusikia habari zake? Ni wangapi waliothubutu kuziomba? CHODAWU, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi wa mahotelini na majumbani, kingefanya kazi kubwa kuliko mafunzo mia ya malezi kama kingebandika tu kifungu hicho, kwa Kiswahili, ukutani mwa kila jiko la hoteli katika barabara ile.

Tena hesabu yenyewe ina pengo. Siku 84 ni majuma 12. Madaktari wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, nayo ni majuma 26. Kati ya juma la 12 na la 26 mama amesharudi kazini, mtoto yuko kwa msichana wa kazi au kwa jirani, na hapo ndipo kopo, chupa na unga wa mapema huingia nyumbani. Mama hakosi mapenzi wala maarifa, amekosa saa. Anauziwa kitu cha kujaza nafasi ya saa alizonyimwa, na anayemwuzia humpa na pole juu yake.

Na huyo ni mwenye mwajiri. Mchuuzi wa dagaa hana siku 84 za mtu yeyote. Hurudi ufukweni mara mwili unapomruhusu, mtoto mgongoni, na hakuna kifungu cha sheria kinachomtambua. Tunasema hili kwa sababu mazungumzo yote ya malezi ya kisasa huelekea kumdhania mama mwenye mlango wa kufunga na kiti cha kukalia.

Hatushauri kwamba wanawake wanaotoa ushauri wanyamazishwe, wala wasilipwe. Anayetaka kuuza mafunzo ayauze, mradi asijifanye daktari. Anayetangaza nepi atangaze. Tunalolidai ni jambo jepesi la heshima: mtu akilipwa au akipewa bidhaa ili aitaje, aseme kwanza kwamba amelipwa, na aseme na nani, kabla hajaanza hadithi ya mwanawe. Kuhusu maziwa ya watoto wachanga asitaje kabisa, kwa maana hilo kanuni zetu zimekwisha kulikataza. Hatudhani kwamba atapoteza wasikilizaji kwa kusema kweli. Akina mama wa Lamadi wanauza na kununua kila siku. Wanaijua biashara, na hawamchukii mwuzaji anayeweka mizani yake mezani.

Upande wa serikali, mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa miaka mitano wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima, mwanamume na mwanamke katika kila kitongoji na mtaa, wenye mafunzo na posho. Huyo ndiye mshauri asiye na katoni, naye anaweza kubisha hodi katika kile chumba cha kupanga. Tutautazama mpango huo si kwa idadi ya wahitimu watakaopigwa picha, bali kwa posho: ikichelewa miezi mitatu, wa kwanza kumtembelea mhudumu huyo atakuwa mwenye nepi.

Na kwa Jumuiya ya Wazazi tuna neno moja la karibu. Kila kituo cha kliniki kina siku ya mizani. Akina mama huketi kwenye benchi tangu asubuhi, watoto hupimwa, nukta huwekwa katika kadi, kadi hurudishwa. Katika kadi ile umo mchoro wa ukuaji, na nukta tatu zikiwekwa kwa miezi mitatu huonyesha kama mtoto anapanda, amesimama au anashuka. Lakini muuguzi mmoja mwenye watoto themanini mbele yake hawezi kumweleza kila mama maana ya nukta zake. Kuzieleza huchukua dakika tano. Wako katika matawi yetu walimu wastaafu, wakunga wastaafu na akina bibi wanaosoma vizuri, ambao asubuhi moja kwa mwezi si mzigo kwao. Jumuiya ya Busega ikiafikiana na mganga mfawidhi na kuwaketisha watu wawili wa namna hiyo kwenye benchi la Lamadi, haitahitaji kungoja bajeti ya mwaka ujao wala mgeni rasmi wa kuja kukata utepe.